Mbu wa Januari

Saa tisa za usiku, mjini Nayoro,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
Tokiko Wakui akamwona mbu.

Huku mbu hufa wote kabla ya Oktoba.
Akapunga mkono mbele ya kioo cha mtambo,
mtambo wake wa kusukuma theluji, tani kumi na mbili.
Mbu akahepa kushoto. Akamtazama kushoto,
mbu akazidi kushoto. Alipotulia
mbu naye akazama polepole
kama jani la chai glasini.

Alikuwa mmoja, mguu umepinda.
Kulipokucha na uwanja wa shule kung'aa
akawaona na nduguze: uzi, ushanga,
kitu mithili ya herufi iliyofutwa nusu.
Gizani walijificha. Weupe ndio uliowaumbua.

"Umri huo," alisema shemeji yake Masuo,
akimenya chungwa bila kuinua uso.
"Hata mimi ninao. Kwa lugha yetu unaitwaje?
Ugonjwa wa mbu warukao. Hauui mtu."
Na hakusema uongo. Hapo ndipo penye ugumu:
alisema kweli, akaikata katikati.

Siku ya nne ukaja umeme.
Pembeni mwa jicho la kulia, upande wa sikio,
mmweko mwembamba kila alipogeuza shingo.
Alidhani gari lataka kumpita. Akalipisha.
Hapakuwa na gari.
Akalipisha tena.

Kisha masizi, kama mtu amekung'uta
bomba la jiko ndani ya kichwa chake:
chembe nyeusi zikishuka, zikishuka,
theluji ya nje nyeupe, ya ndani nyeusi,
zote zikianguka kwa mwendo mmoja.
Alizima mtambo mbele ya duka la tofu,
akaita redioni: "Namba saba haioni vizuri.
Leteni mwingine."
Miaka kumi na tisa, hakuwahi kuyatamka hayo.

Daktari Hatakeda alimtia matone, akamngoja
mboni ipanuke hadi taa zote ziwe na manyoya.
"Ndani ya jicho mna ute," alimweleza,
ngumi yake moja ndani ya kiganja cha pili.
"Umeshikana na ukuta tangu hujazaliwa.
Ukizeeka hulegea, huwa majimaji, hunywea,
nyuzi zake hujikunja. Humwoni mbu, mama,
waona kivuli kinachotambaa ukutani mwako.
Utamkamata vipi? Amepanda jicho lilelile
unalomfukuzia."

"Na umeme?"

"Ute ukibanduka huvuta ukuta. Na retina
haijui kulia. Ivute, igonge, ichane,
ina neno moja tu: mwanga."

Tokiko alilikalia neno hilo.
Mama yake alikuwa hivyo. Alipoumia, alicheka.

Sisi twasema macho hayana pazia.
Methali hiyo haijawahi kuketi kwenye kiti kile,
kidevu juu ya chuma baridi, ikaambiwa:
"Mpasuko huu hapa, umbo la kwato ya farasi.
Ungengoja, pazia lingeshuka kutoka pembeni,
jeusi, na kamba ya kulivuta haipo."

Leza ilipiga kijani, kijani, kijani.
Alihesabu hadi mia mbili na kumi, akachoka.
Ilikuwa ikizungushia tundu ua,
ua la makovu madogo, ili lisitanuke.

Mbu hakuondoka. Hilo daktari hakulificha:
"Utamzoea. Ubongo huchoka kumtazama."
Jioni alimpigia simu Masuo:
"Wako wa zamani mwache aruke.
Ila wakija kundi kwa siku moja,
au na umeme, au kivuli kikikuingilia pembeni,
chungwa hilo usilimalize."
Kimya. Kisha sauti ya ganda likiwekwa mezani.
"Umeme," Masuo akauliza, "wa rangi gani?"

Machi. Namba saba yanguruma tena.
Penye uwanja wa shule, theluji isiyokanyagwa,
Tokiko hupunguza mwendo, hutazama makusudi.
Yupo. Mguu wake umepinda vilevile.